Siku ya Tatu Mpe Jembe



Katika kisiwa cha Pate, kaskazini-mashariki ya Lamu, uko mji wa Wabajuni uitwao Chundwa. Wengine huuita Tundwa. Tofauti hiyo hutoka katika usemi wa Wabajuni, maana mara nyingi wao hutamka ch pale wengine tunapotamka t. Hata mtu kwao ni nchu. Basi, ikiwa sisi wa pwani moja hatuna budi kutegeana sikio, itakuwaje kwa mgeni aliyetoka mbali, naye anatafuta kazi?

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilipoanguka, Wabajuni wengi wa Kismayu na visiwa vyake walikimbilia Kenya kwa njia ya bahari. Wengi wao walikaa katika kambi zilizokuwa karibu na Mombasa, ambazo baadaye zilifungwa. Miongoni mwao walikuwamo wavuvi na mafundi wa mashua. Hebu tumfikirie fundi wa namna hiyo. Anajua kuchonga mbao na kutia kalafati. Lakini mpeleke katika karakana ya mjini, ambako maagizo huandikwa kwa Kiingereza na cheti huulizwa mlangoni, ataonekana kama mtu asiyejua kitu. Kazi anayo mkononi, ila jina lake hana mdomoni.

Wazee husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi hupenda kuitumia methali hii kumkumbusha mgeni kwamba asikae bure. Lakini tuisikilize tena. Anayeambiwa "mpe" ni mwenyeji. Tukimlaumu mgeni kwa uvivu na jembe tumelificha uvunguni, lawama ni yetu. Na jembe la siku hizi ni lugha ya kazi, pamoja na ujuzi unaotambulika.

Kanisa letu limewahi kulitoa jembe hilo. Mwaka 1875, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, Chama cha CMS kilianzisha Frere Town, makao ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walitoka makabila mengi, na lugha zao zilikuwa mbalimbali. Walipewa mashamba, wakafundishwa kusoma na kazi za mikono, na Kiswahili kikawaunganisha. Waliowasaidia sana ni Waafrika wenzao waliokombolewa utotoni na kufunzwa kazi huko Nasik, India. Wawili wa kundi hilo, William Jones na Ishmael Semler, walifanywa mashemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Aliyekuwa mgeni amekuwa mwalimu wa wageni!

Lakini tusifiche upande wa pili. Waafrika hao waliotoka India walilalamika kwamba hawakuheshimiwa wala kulipwa kama wenzao wa Ulaya. Kumfundisha mtu kazi, kisha kumnyima ujira na heshima yake, ni kumpa jembe lisilo na mpini.

Leo Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi ikiwa ujuzi wake unatambuliwa nchini. Kwa hiyo yako mambo matatu tunayoweza kuyafanya. Kwanza, tufundishe lugha ya kazi, si salamu peke yake: vipimo, zana, malipo, na maneno ya kuonya hatari. Pili, tumweke mwanagenzi karibu na fundi hodari, kisha tumsaidie afanye mtihani wa ufundi wa NITA, apate cheti. Tatu, tumfuate afisini kuuliza habari za kibali, maana anayeiogopa karatasi huhitaji mwenzi.

Mwingine atauliza, "Na vijana wetu wasio na kazi je?" Swali hilo ni la haki. Jibu ni kuwaweka pamoja katika darasa moja. Huko Kalobeyei, Turkana, makazi yalipangwa ili mkimbizi na mwenyeji watumie shule na hospitali zile zile. Jembe halipungui kwa kufundishwa wawili.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 18 tunawaona Akila na Prisila, waliofukuzwa Rumi wakahamia Korintho. Kwa kuwa walikuwa na ufundi wa kushona mahema, nyumba yao ilimpokea Paulo, naye akafanya kazi pamoja nao. Kazi iliwageuza wageni kuwa wenyeji wa wengine.

Ndugu mpendwa, mgeni aliye jirani yako amefika siku ya ngapi? Ikiwa ni ya tatu, jembe lake liko wapi?

Na tuombe. Ee Bwana, uliyekuwa mgeni Misri ukiwa mtoto, utufungue mikono yetu, tusiwe wachoyo wa lugha wala wa kazi. Amina.