Skrini mbili mezani, makosa machache mpakani

Wafanyabiashara na wasafirishaji wengi wanaovusha mizigo kati ya nchi zetu wana laptopu ofisini. Wengi pia wameongeza skrini ya pili mezani. Lakini ukiwatembelea utakuta skrini hiyo inaonyesha kitu kilekile kilichopo kwenye laptopu, au imezimwa kabisa na kuwekewa kalenda.

Huo ni mtaji uliolala. Skrini ya ziada ikipangwa vizuri inapunguza makosa ya kunakili namba, na makosa hayo ndiyo yanayolaza malori mpakani.

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga madirisha ya programu kwenye laptopu yenye skrini ya ziada, nini hutokea umeme unapokatika au kebo inapochomolewa, na jinsi ya kurudisha dirisha lililopotea. Maelezo ni ya kompyuta zinazotumia Windows 10 na Windows 11, ambazo ndizo zilizo nyingi katika ofisi za forodha na usafirishaji.

Kwa nini jambo hili ni la biashara

Tangu utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uanze kutekelezwa mwaka 2014, sehemu kubwa ya kazi ya mpakani imehamia mezani. Ushuru hulipwa mapema, mzigo ukiwa bado kwenye bandari ya kwanza kuingilia, na nyaraka hupita kwenye mtandao.

Wakala wa Tanzania hufanya kazi kwenye TANCIS, wa Kenya kwenye iCMS. Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Zambia hutumia ASYCUDA World. Majina ni tofauti, kazi ni ileile: kusoma nyaraka moja na kuandika kwenye nyingine.

Tazama namba zinazopita mikononi mwa wakala kwa kontena moja. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki zile zilizotangulia. Msimbo wa bidhaa katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una tarakimu 8. Kuna thamani ya mzigo, nauli, bima, uzito wa jumla na uzito halisi, idadi ya vifurushi, namba ya BL na namba ya lori.

Anayetumia skrini moja husoma namba kwenye ankara, hufunika ankara, hufungua tamko la forodha, kisha huandika kile anachokikumbuka. Kichwa kikichoka, uzito halisi unaandikwa mahali pa uzito wa jumla. Lori likifika kwenye mizani, hesabu zinakataa.

Chukua mfano wa hesabu. Mzigo una thamani ya dola 18,600 baada ya kujumlisha nauli na bima, na kiwango cha ushuru ni asilimia 25. Ushuru ni dola 4,650. Vidole vikigeuza tarakimu mbili za mwanzo na kuandika 81,600, ushuru unakuwa dola 20,400. Tofauti ni dola 15,750 kwa kosa la sekunde moja. Kosa hilo huweza kurekebishwa, ila marekebisho huomba barua, ofisa na muda, huku tozo za kuhifadhi kontena zikihesabu siku.

Tuhesabu na muda. Tuseme tamko moja linakufanya ubadilishe dirisha mara 40, kila mara sekunde 5. Hizo ni sekunde 200. Ofisi inayoandaa matamko 15 kwa siku inapoteza dakika 50 kwa kubadilisha madirisha tu.

Hatua ya kwanza: tandaza, usirudufu

Unganisha skrini kwa kebo, kisha bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P. Utaona chaguo nne. Inayotakiwa ni "Extend", yaani meza moja pana iliyotandazwa kwenye skrini mbili. Ile ya "Duplicate" huonyesha kitu kimoja pande zote, na inafaa tu unapomwonyesha mteja hesabu zake.

Hapa kuna tahadhari. Ofisi nyingi huweka skrini ya ziada ikitazama upande wa wateja. Mteja aliyeketi mbele yako asione ankara ya mshindani wake. Bei ya kununulia ni siri ya mfanyabiashara, nawe umeaminiwa.

Kabla ya kununua kebo, angalia matundu. Skrini za zamani nyingi zina VGA, laptopu mpya zina HDMI au tundu dogo la USB-C. Kigeuzi cha HDMI kwenda VGA hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya kompyuta. Lakini si kila tundu la USB-C hutoa picha. Mengine ni ya kuchaji na kuhamisha mafaili tu. Uliza au jaribu kabla ya kulipa.

Hatua ya pili: iambie kompyuta skrini iko upande gani

Fungua "Settings", kisha "System", kisha "Display". Utaona visanduku viwili vyenye namba 1 na 2. Bonyeza "Identify" ili namba zijitokeze kwenye skrini zenyewe. Halafu vuta visanduku vikae kama skrini zilivyo mezani, kulia au kushoto.

Wengi huruka hatua hii. Matokeo yake kishale kinagonga ukuta upande wa kulia wakati skrini ya pili iko hukohuko kulia, na mtu anaamua kuwa skrini mbili ni usumbufu.

Bonyeza kisanduku cha skrini unayoitazama zaidi, kisha weka alama kwenye "Make this my main display". Humo ndimo programu nyingi zitakapofungukia.

Ukurasa huohuo una "Scale", yaani ukubwa wa maandishi. Laptopu mara nyingi huwa asilimia 125 au 150, skrini ya nje 100. Programu za zamani, na zile zilizojengwa kwa Java kama ASYCUDA World, mara nyingi huonekana na ukungu au maandishi madogo zikivutwa kutoka skrini moja kwenda nyingine. Dawa ni kulinganisha kiwango pande zote, au kuifunga programu na kuifungua upya kwenye skrini utakayofanyia kazi.

Hatua ya tatu: kila dirisha na kiti chake

Usivute madirisha kwa kubahatisha. Vitufe hivi vinatosha:

- Windows na mshale wa kushoto au kulia: dirisha linachukua nusu ya skrini.
- Windows na mshale wa juu: dirisha linajaa skrini nzima.
- Windows, Shift na mshale wa kushoto au kulia: dirisha linahamia skrini ya pili.
- Windows na herufi Z, kwa Windows 11 peke yake: unaonyeshwa ramani za kugawa skrini, unachagua kisanduku.

Sasa mpangilio wenyewe. Kwa wakala wa forodha, tamko likae kwenye skrini kubwa, limejaa. Laptopu igawanywe nusu kwa nusu: ankara kushoto, orodha ya upakiaji au BL kulia. Macho yanasoma upande mmoja, mikono inaandika upande wa pili, na hakuna kinachofunikwa.

Kwa msafirishaji, skrini kubwa ibebe ramani ya kufuatilia malori na jedwali la Excel lenye namba za magari, madereva na vituo. Laptopu ibaki na barua pepe na ujumbe wa madereva. Dereva akituma picha ya hati kutoka Rusumo au Malaba, namba yake inalinganishwa na jedwali papo hapo.

Kwa mfanyabiashara anayenunua nje, kushoto pawe na ankara ya muuzaji, kulia ukurasa wa benki. Kabla ya kutuma fedha, soma namba ya akaunti tarakimu kwa tarakimu huku zote mbili zikionekana. Namba ikiwa tofauti na ya malipo yaliyopita, simama na umpigie muuzaji kwa simu unayoifahamu.

Muhimu ni kuwa mpangilio usibadilike siku hadi siku. Mkono hujifunza njia. Ankara ikiwa kushoto leo, iwe kushoto kesho.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Umeme unapokatika, skrini ya nje huzimika, laptopu inaendelea na betri. Madirisha yote yaliyokuwa upande wa pili hukimbilia kwenye laptopu na kurundikana. Umeme ukirudi, hayarudi yalikokuwa.

Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ina jibu. Ndani ya "Display" fungua "Multiple displays" na uweke alama kwenye "Remember window locations based on monitor connection". Kompyuta itakumbuka kila dirisha lilikuwa wapi, na skrini ikiwaka tena litarudi. Windows 10 haina kumbukumbu hiyo, na Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuketi katika ofisi moja ya wakala mpakani, ambako laptopu ilifunikwa na kusukumwa pembeni, kazi yote ikifanyika kwenye skrini kubwa. Umeme ulikatika. Skrini ikawa nyeusi, na laptopu ikalala kwa sababu ilikuwa imefunikwa. Ilipofunguliwa, mfumo wa forodha ulikuwa umemtoa nje na tamko la bidhaa zaidi ya 20 halikuwa limehifadhiwa. Dereva aliyekuwa akisubiri nje alilala hapo usiku huo.

Mafunzo ni mawili. Acha laptopu ikiwa wazi wakati wa kazi, ili umeme ukikatika bado uwe na mahali pa kuonea. Na hifadhi kila baada ya bidhaa kadhaa, usingoje mwisho.

Skrini ya LED ya inchi 22 hadi 24 kwa kawaida hula wati 20 hadi 30 tu. UPS ndogo huweza kuishikilia kwa dakika za kumalizia ulichoanza. Unganisha na kifaa cha intaneti humohumo. Skrini inayowaka bila mtandao haipeleki tamko popote.

Dirisha lililopotea

Umechomoa laptopu, umeenda nayo kwa mteja, unafungua programu na huioni. Chini ya skrini inaonyesha kuwa imefunguka. Dirisha limefungukia kwenye skrini ambayo haipo.

Usizime kompyuta. Jaribu kwa mpangilio huu:

1. Bonyeza Alt na Tab kulichagua dirisha hilo, kisha Windows, Shift na mshale wa kushoto. Mara nyingi hurudi.
2. Likikataa, bonyeza Alt na kitufe cha nafasi, kisha herufi M, kisha mshale wowote mara moja. Sasa sogeza kipanya, dirisha litakifuata. Bonyeza kipanya kuliachia.
3. Likikataa bado, bonyeza Windows na P, uchague "PC screen only". Madirisha yote yatarudi kwenye laptopu.

Skrini ikiwa nyeusi kabisa wakati kompyuta inawaka, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Hapo kompyuta huianzisha upya sehemu ya picha bila kufunga programu zako.

Kwa mwenye kazi nyingi

Microsoft hutoa bure programu iitwayo PowerToys. Ndani yake mna FancyZones, inayokuruhusu kuchora mwenyewe visanduku vya skrini, kwa mfano theluthi mbili za tamko na theluthi moja ya ankara. Tangu mwaka 2024 mna pia Workspaces, inayofungua kundi la programu kwa kubonyeza mara moja, kila moja mahali pake. Asubuhi unabonyeza "Transiti" na meza inajipanga. Ipakue kutoka kwa Microsoft wenyewe, si kwenye flashi ya rafiki, maana kompyuta hiyo ndiyo yenye nywila zako za forodha na benki.

Ununue au usinunue?

Skrini iliyotumika hugharimu sehemu ndogo ya bei ya laptopu. Chukua bei ya skrini katika mji wako, igawanye kwa tozo ya siku moja ya kontena au ya lori lililosimama. Jibu ni idadi ya siku za kuchelewa ambazo skrini hiyo inatakiwa kuzuia ili irudishe fedha yake. Kwa ofisi yenye magari kadhaa barabarani, idadi hiyo haitakuwa kubwa.

Hata hivyo, skrini ya pili haimpi mtu uangalifu asiokuwa nao. Anayejaza skrini moja kwa nyaraka na ya pili kwa mpira wa miguu atakosea maradufu. Skrini kazi yake ni kuweka namba mbili ubavuni mwa nyingine. Kuzilinganisha kabla ya kubonyeza "tuma" bado ni kazi yako.