ENDOTERCISUS: NENO LA KATAZO LENYE KUKATWA



Wiki iliyopita, katika saa ya Kilatini, tulikutana na neno ENDOTERCISUS. Mimi nilisimama nikajibu: «Mtu aliyekatwa tumboni.» Darasa la sita zima likacheka. Sikupenda kuchekwa bure, basi nikaenda kutafuta.

Kumbe neno hili si la mtu, ni la siku. Waroma waliandika herufi kando ya kila siku ya kalendari yao. F ni fastus: siku ile praetor, ndiye mwamuzi mkubwa, anaweza kutamka maneno yake matatu ya hukumu, do, dico, addico. N ni nefastus: hapana ruhusa. Waroma wenyewe walisema fastus inatoka kwa fari, maana yake kusema. Kwa hiyo katazo lilikuwa juu ya kinywa.

Lakini siku chache sana katika mwaka, kama 10 Januari na 13 Machi, ziliandikwa EN. Asubuhi katazo, katikati ruhusa, jioni katazo linarudi. Juu ya nini? Varro, aliyekufa mwaka 27 mbele ya Kristo, anaeleza vizuri: asubuhi mnyama wa sadaka anachinjwa, na nyuma matumbo yake yanatolewa kwa mungu. Kati ya kuchinja na kutoa, maneno ya watu yanaweza kupita. (Wenye kusoma Walawi hawatashangaa kwamba matumbo yana kazi yake.) Mtu mwenye kushitaki jirani yake alipaswa kuangalia saa zile, zikimpita, angoje siku ingine.

Sasa tukate neno lenyewe. Nyuma kuna caesus, «-liokatwa», toka caedo. Ikiunganishwa na neno lingine, ae inageuka i, kama katika occido. Mbele kuna inter, «katikati», lakini kwa namna ya wazee: in yao ilikuwa endo. Varro anaandika intercisus. Kalendari ilishika E ya zamani. Ile iliyochorwa ukutani kule Antium mbele ya Kaisari kutengeneza kalendari, na iliyovumbuliwa mwaka 1915, inaonyesha EN hizo.

Nini basi ilikatwa? Varro anatoa njia mbili: ruhusa inaingia katikati, ao katazo ndilo linakatwa. Mimi ninashika ya pili. Siku ilikuwa ya mungu; watu walipewa kipande tu.

Na wale wanaoniuliza kila mara juu ya nini ninanyamazisha watu asubuhi na jioni saa ya kujisomea, lakini saa sita ninaacha kelele: sasa munajua jina la siku zetu.