Nguruwe na kabichi chachu: Moto mdogo, subira kubwa

Kama unaishi Kitengela, nguruwe unamjua wa kukaangwa chapchap na kachumbari kando. Wikendi moja mpike polepole na kabichi iliyochacha, Wajerumani huiita sauerkraut.

Usiogope neno kuchacha. Wamaasai wa Kajiado wamegandisha maziwa kwenye kibuyu tangu jadi, na bakteria wanaofanya kazi hiyo ni wa jamii moja na wa kabichi hii.

Katakata kilo moja ya kabichi, tia gramu 20 za chumvi, ikande hadi itoe maji. Ishindilie kwenye chupa safi, izame kwenye maji yake. Legeza kifuniko, gesi itoke. Ngoja wiki mbili. Ikiota ukungu, tupa.

Sasa kaanga nusu kilo ya nguruwe na kitunguu, ongeza kabichi na maji kidogo. Chumvi? Onja kwanza. Huna sufuria ya umeme ya kupika polepole? Makaa machache na kifuniko kizito vinatosha, kama saa mbili hivi.

Hapa usikimbizane na njaa: nguruwe asiyeiva anaweza kukuachia tegu tumboni. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, na usipakue kama ndani bado ni nyekundu.