Ini Jipya na Tezi ya Shingoni

Mtu mwenye kansa ya ini pengine huweza kupewa ini la mtu mwingine. Munganga Thomas Starzl alijaribu kazi hiyo kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1963, huko Denver, Marekani.

Mgonjwa aliyepasuliwa nchi ya mbali akirudi Lubumbashi, jamaa hufurahi. Lakini baada ya miezi pengine anachoka, anasikia baridi wakati wengine wanatoka jasho, uso unavimba, choo kinakuwa kigumu. Jamaa husema, "Mwili umekataa ini!" Pengine sivyo.

Mbele ya shingo kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Hutoa homoni inayoamsha viungo vyote, na ini huigeuza ipate nguvu kamili. Dawa nyingine za kansa ya ini, kama sorafenibu, huweza kuilegeza tezi hiyo.

Basi ufanye nini?

1. Nenda hospitali, damu ipimwe kwa ajili ya ini na tezi pia.
2. Ukipewa vidonge vya levotiroksini, meza asubuhi kwa maji, nusu saa au zaidi kabla ya chakula.
3. Usiache dawa za kulinda ini jipya hata siku moja.
4. Usinywe dawa za mizizi. Nyingine huharibu ini.

Macho yakiwa manjano au homa ikipanda, usingoje kesho. Uchovu nao usiufiche: tezi iliyolegea ina dawa.