Taa ya Baiskeli: Mwanga Mwingi au Mwanga Mahali Pake?

Mjini Morogoro jua huzama kati ya saa 12:20 na saa 12:55 jioni, kufuatana na majira ya mwaka. Kwa kuwa mji huo uko chini kidogo ya nyuzi 7 kusini ya Ikweta, utusitusi wa jioni haudumu. Nusu saa baada ya jua kutua, milima ya Uluguru huwa imekwisha kumezwa na giza. Huo ndio wakati ambapo wafanyakazi, wanafunzi na wachuuzi hurejea makwao kwa baiskeli. Wengine huelekea Kihonda kwa barabara ya Dodoma, wengine Kingolwira na Mikese kwa barabara ya Dar es Salaam, wengine Mzumbe na Mlali kwa barabara ya Iringa. Na wako washikao njia ya Bigwa iendayo Kiroka na Mkuyuni, ikipanda na kushuka katika vilima vya chini vya Uluguru. Alfajiri msafara hugeuka. Mboga, ndizi na magunia ya mkaa huja mjini, na giza bado halijaondoka.

Barabara za Dar es Salaam, Iringa na Dodoma ndizo hizo hizo zipitazo malori yatokayo bandarini kwenda mikoa ya bara na nchi jirani. Kwa hiyo mwendeshaji wa baiskeli ana haja mbili usiku: kuona shimo lililo mbele yake, na kuonekana na dereva aliye nyuma yake. Haja hizi ni tofauti, na taa iliyo bora kwa moja yaweza kuwa haina msaada wowote kwa nyingine. Hata hivyo, aghalabu mnunuzi afikapo dukani huuliza swali moja tu: taa hii inawaka sana? Swali hilo halitoshi.

Dinamo na mlima

Dinamo ya kawaida hufungwa kwenye uma wa baiskeli ili kigurudumu chake kisuguane na ubavu wa tairi. Ndani yake mna sumaku izungukayo karibu na msokoto wa waya wa shaba. Kanuni iiendeshayo ni ile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831: sumaku inapopita karibu na waya, umeme huzalishwa katika waya huo, na kadiri inavyopita kwa kasi ndivyo volti zinavyoongezeka. Dinamo nyingi zimesanifiwa kutoa volti 6 na wati 3. Kwa desturi wati 2.4 huenda kwenye taa ya mbele na wati 0.6 kwenye taa ya nyuma.

Sifa ya dinamo ni kwamba haihitaji betri wala haihitaji kuchajiwa. Kasoro yake huonekana mlimani. Mtu apandaye kilima baada ya Bigwa, mzigo ukiwa nyuma, huenda kwa mwendo wa miguu. Sumaku huzunguka polepole na taa hubaki kama kaa la moto lililofunikwa na majivu. Akisimama kando ili lori lipite, huwa gizani kabisa, tena wakati ule ule anapohitaji kuonekana. Akianza kuteremka, volti hupanda. Katika dinamo nyingi msokoto wenyewe huuzuia mkondo usiongezeke mno, lakini kinga hiyo ina mpaka. Globu ya mbele ikiungua, umeme wote huelekea kwenye globu ndogo ya nyuma, nayo huungua mara moja. Basi taa zote mbili huzimika pamoja, baiskeli ikiwa katika mwendo wake mkubwa kuliko wote. Waendeshaji wa zamani waliokuwa wakifunga globu ya akiba ndani ya kitambaa na kuiweka mfukoni walijua wanachokifanya.

Ufungaji wake nao una kanuni. Mhimili wa dinamo uelekee katikati ya gurudumu la baiskeli. Ukienda upande, kigurudumu hulikwaruza tairi badala ya kuviringika juu yake. Baiskeli nyingi zina waya mmoja tu kutoka kwenye dinamo hadi kwenye taa, na umeme hurudi kupitia chuma cha fremu. Rangi na kutu huuzuia mkondo huo. Fundi anayekwangua rangi pale skrubu inapogusa fremu anafanya kazi yenye maana, na afungaye waya wa pili wa kurudishia umeme anafanya vizuri zaidi.

Mabadiliko makubwa yameletwa na diodi za mwanga, ambazo madukani huitwa taa za LED. Globu ndogo ya waya mwembamba hupoteza karibu umeme wake wote kama joto, na hutoa takriban lumeni 10 kwa kila wati. Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga utokao katika taa. Diodi nzuri hutoa lumeni 100 au zaidi kwa wati ile ile. Mwanga wake mweupe ulitokana na kupatikana kwa diodi yenye nuru ya buluu, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Diodi hupitisha umeme upande mmoja tu, ilhali dinamo hutoa mkondo geu. Kwa hiyo wanafunzi watakao kuibadili taa ya zamani huhitaji daraja la diodi nne za kunyoosha mkondo, pamoja na kapasita ya kupunguza kumetameta. Dinamo ile ile ya wati 3 yaweza sasa kutoa mwanga mara kumi ya ule wa awali, na hata katika mwendo wa kupanda mlima mwanga huo hufaa.

Betri na madai yake

Taa nyingi zinazouzwa sasa hutumia betri za lithiamu zinazochajiwa. Betri ya duara ya aina iitwayo 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na volti zake ni 3.7. Iliyo nzuri huhifadhi ampea-saa 2.5 hadi 3.5. Hesabu ni nyepesi: volti 3.7 zikizidishwa kwa ampea-saa 2.5 ni wati-saa 9 na kidogo, yaani taa ya wati 3 itawaka kwa muda wa saa tatu hivi. Betri ya ukubwa huo ikiandikwa milliampea-saa 9,800, maandishi hayo si ya kweli, maana hakuna betri ya namna hiyo iwezayo kuhifadhi umeme kiasi hicho. Mizani ya maabara ya shule husaidia kuibaini: betri halisi huwa na uzito wa gramu 45 hivi, na iliyo nyepesi mno huwa na kitu kidogo ndani ya ganda kubwa. Madai ya maelfu ya lumeni juu ya taa ndogo ya bei nafuu yapimwe kwa hesabu kama hiyo. Lumeni 3,000 huhitaji kiasi cha wati 30 hata kwa diodi nzuri, na betri moja ya wati-saa 9 ingekwisha kwa dakika 18.

Shimo huonekana kwa kivuli chake

Chukua baiskeli iendayo kilomita 20 kwa saa, yaani mita 5.6 kwa sekunde. Ikiwa mwendeshaji hutumia sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukaza breki, atakuwa amekwenda mita 8 na zaidi kabla breki hazijaanza kazi. Breki za kawaida kwenye changarawe zikipunguza mwendo kwa mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde, zitahitaji karibu mita 8 nyingine. Jumla ni mita 16. Mteremkoni, kwa kilomita 30 kwa saa, hesabu hiyo hiyo hutoa mita 30, hata kabla ya kuongeza nguvu ya mzigo uvutao chini. Taa imulikayo mita 16 tu yamfaa wa kwanza. Wa pili hugundua shimo akiwa amekwisha kuingia ndani yake.

Taa ikifungwa kwenye usukani, sentimita 80 kutoka chini, na kitovu cha mwanga kikitakiwa kuangukia mita 16 mbele, basi kwenye ukuta ulio umbali wa mita 5 kitovu hicho kiwe sentimita 25 chini ya kimo cha taa. Kipimo hiki chaweza kufanywa jioni moja kwa chaki na futikamba. Kuiinua taa zaidi ili kutosheleza mwendo wa mteremko ni kosa la kawaida. Tochi ya duara humwaga mwanga juu sawasawa na chini, na sehemu ya juu huishia katika macho ya anayekuja. Macho yaliyotiwa kiwi huchukua sekunde kadhaa kupata nafuu, na huenda yakahitaji nusu saa kulizoea giza kamili tena. Ndiyo maana sheria za Ujerumani hudai taa ya baiskeli iwe na mwanga uliokatwa kwa juu. Mwenye taa ya namna hiyo hupata barabara angavu kwa wati chache, kwa kuwa hakuna unaopotea mitini.

Wengi hufunga tochi kichwani. Ni rahisi, nayo hugeuka pamoja na macho. Lakini ina kasoro ambayo haitokani na upungufu wa nguvu. Fikiria shimo lenye kina cha sentimita 10 na urefu wa mita 1, lililo mita 10 mbele. Taa iliyo sentimita 80 juu ya barabara hutupa ndani ya shimo kivuli kirefu cha zaidi ya mita 1, hivyo sakafu yote huwa nyeusi. Macho, yaliyo kimo cha mita 1.5, huona sehemu ya weusi huo na kutambua shimo. Taa ikiwa kwenye paji la uso, kivuli chake huangukia pale pale pasipoonekana na macho, na sehemu ionekanayo huwa imemulikwa. Shimo hufanana na barabara. Hali ni mbaya zaidi katika ukungu unaotanda kwenye miinuko ya Uluguru, ambayo kilele chake hupita mita 2,600. Matone madogo ya maji huurudisha mwanga kwa aliyeutoa, na mwenye tochi kichwani huona ukuta mweupe mbele yake. Taa ya chini, kwenye usukani au kwenye uma, humsumbua kidogo.

Anayekuja nyuma

Lori liendalo kilomita 80 kwa saa humkaribia mwendesha baiskeli wa kilomita 15 kwa saa kwa mita 18 katika kila sekunde. Akionekana akiwa mita 30, dereva ana muda usiofika sekunde mbili. Akionekana akiwa mita 200, ana sekunde 11. Tofauti hiyo haihitaji wati nyingi. Taa nyekundu ya nusu wati yatosha, maadamu inaonekana. Taabu ni kwamba hufungwa kwenye madigadi au chini ya karia, na gunia la mkaa au tenga la mboga huifunika. Mwenye mzigo aifunge taa kwenye mzigo wenyewe, upande wa nyuma, kwa mpira au kamba, na aihamishe tena anaporudi mtupu.

Kiakisi, ambacho wengi hukiita riflekta, ni mwenzake. Ndani yake mna pembe ndogo ndogo zinazourudisha mwanga kule kule ulikotoka; vioo vya kanuni hiyo viliachwa Mwezini na wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969, navyo hurudisha miali ya leza itokayo duniani. Viakisi vya manjano vya pedali vina faida ya pekee, kwa kuwa hupanda na kushuka. Gunnar Johansson wa Sweden alionyesha mwaka 1973 kwamba vinukta vichache vya mwanga vilivyofungwa kwenye viungo vya mtu huyafanya macho yatambue papo hapo kuwa ni mtu atembeaye. Utepe wa kuakisi ukifungwa kwenye vifundo vya miguu hufanya kazi hiyo hiyo.

Jaribio lake ni jepesi. Baiskeli isimamishwe gizani ikiwa na mzigo wake wa kila siku, na mwanafunzi asimame mita 20 nyuma yake akiwa na tochi kando ya sikio. Kiakisi kitang'aa. Tochi ikisogezwa upande kwa urefu wa mkono, mng'ao hufifia, kwa sababu mwanga umerudi kwenye tochi, haukurudi kwenye jicho. Kisha kiakisi kipakwe tope kidogo kwa kidole, kama lile la njia ya Kiroka wakati wa masika, na tochi irudishwe kando ya sikio.