Goti Likikataa Kukunjika

Mwendesha bodaboda aliyevunjika mguu kwenye barabara ya Embu kwenda Meru huisubiri kwa hamu siku ya kutolewa plasta. Siku hiyo ikifika, mfupa umeunga lakini goti halikunjiki. Hawezi kuchuchumaa kwenye choo cha shimo, wala kupanda pikipiki. Kazi iliyobaki ni ya mtaalamu wa fiziotherapia, na watu wengi huiona kama kukandwa tu.

Sivyo. Goti likikaa wiki kadhaa bila kukunjwa, kifuko kinachokizunguka kiungo husinyaa na kuwa kigumu kama ngozi mbichi iliyoanikwa juani. Gegedu nalo halina mishipa ya damu; hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo huenezwa na mwendo. Isitoshe, goti likikunjwa, mfupa wa muundi hulazimika kuteleza kidogo kwenda nyuma chini ya mfupa wa paja. Mgonjwa hawezi kuutelezesha kwa hiari yake, hata akikaza meno. Mtaalamu ndiye anayeusukuma, taratibu, tena na tena. Geoffrey Maitland wa Australia aliipanga misukumo hiyo katika ngazi 4: mbili za kwanza ni za kutuliza maumivu, mbili za mwisho hufika mpaka pale kiungo kinapokaza.

Lakini nyonga ya mkulima aliyejaa misuli si ya kuvutwa kwa vidole. Hapo ndipo vifaa vinapofaa. Freddy Kaltenborn wa Norwei alitumia kabari ya kushikilia pingili za mgongo. Brian Mulligan wa New Zealand aliupa umaarufu mkanda: unazungushwa paja la mgonjwa na makalio ya mtaalamu, naye akijiegemeza nyuma, uzito wa mwili wake huivuta nyonga huku mikono ikibaki huru kuuongoza mguu. Mgonjwa naye husogeza kiungo chake wakati huohuo. Sharti la Mulligan ni kwamba mwendo huo usiume. Ukiuma, mtaalamu hubadilisha upande wa kuvuta au huacha.

Kuna pia kifaa kidogo cha springi, kilichotokea Marekani, kinachogonga pingili kwa pigo la haraka. Hakuna ushahidi mzito kwamba kinaishinda mikono. Hospitali ya kaunti yenye fedha chache ingeanza na mikanda.

Nafuu huja ndani ya dakika chache, na hapo ndipo wengi hupotoka. Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa za mguso zinazoingia kwenye uti wa mgongo huweza kupunguza zile za maumivu. Kwa hiyo maumivu hupungua kabla kifuko hakijarefuka hata kidogo. Mchuma chai kutoka Kathangariri anayelipa nauli, akapata nafuu, kisha akarudi nyumbani bila mazoezi, atarudi kuanza upya. Saa zile chache za nafuu ni za kukunja goti kitandani kwa kuvuta kisigino kuelekea makalio, kila siku, mara kadhaa. Mtaalamu asiyemfundisha mgonjwa zoezi hilo amemnyima nusu ya tiba.

Bega lililoganda lina mambo yake. Huwapata zaidi wenye kisukari, na laweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kulegea. Mwanzoni, linapouma hata usiku, kulilazimisha huzidisha maumivu. Ni vyema basi sukari ipimwe kabla ya bega kuvutwa.

Na si kila mgongo unaouma ni wa kusukumwa. Homa za jioni na kukonda huweza kuwa dalili za kifua kikuu cha uti wa mgongo. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukikosa kuzuilika, mtu afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Anayetoa tiba hii Kenya anapaswa kusajiliwa na Baraza la Fiziotherapia, lililoundwa kwa sheria ya 2014. Mwulize leseni yake kabla hujalala kitandani.