Dar hadi Dodoma: ndege inakuokolea saa ngapi?

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Dodoma, kwa mstari ulionyooka angani, ni kama kilomita 390. Kwa barabara zinapita 450. Ndege ya pangaboi huzimaliza kwa saa moja na ushei, na wengi wetu hesabu tunaikomeshea hapo.

Tuanzie mlangoni. Chukua mtu wa Kinondoni. Kufika uwanjani apewe saa nzima, maana flaiova ya Tazara imepunguza adha ya foleni, haijaimaliza. Kukaguliwa na kungoja kupanda, saa moja na nusu. Safari yenyewe, kisha nusu saa ya kungoja mizigo. Uzuri ni kwamba uwanja wa Dodoma uko mjini kabisa. Bajaji na umefika. Jumla, saa nne na robo hivi.

Sasa treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024. Stesheni ya Dar iko jirani na Gerezani, kwa hiyo mwendokasi unakushusha karibu. Njiani ni saa tatu na nusu kwa treni ya haraka, karibu nne kwa ile inayosimama vituoni. Ongeza saa moja ya kuwahi, na usafiri wa kutoka stesheni ya Dodoma, ambayo iko nje kidogo ya mji. Saa sita, au pungufu kidogo.

Kwa hiyo ndege inakuokolea kama saa mbili, si nyingi. Unazinunua kwa bei gani? Treni ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida ilipangwa na LATRA kuwa shilingi 31,000, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, aliye chini ya hapo bure. Baba, mama na watoto wawili wa shule: 93,000. Nauli ya ndege haina bei elekezi. Hupanda kadiri viti vinavyopungua, na mtoto akishatimiza miaka miwili analipiwa kiti. Ole wako ukate tiketi dakika ya mwisho wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni. Siti utakazogombea zinalipiwa na ofisi, si na mfuko wa mtu.

Basi? Lile la daraja la kati halipishani sana na treni kwa nauli, ila linakula siku nzima.

Ndege naiona ina maana kwa anayetua kutoka ng'ambo Jengo la Tatu na kuunganisha Jengo la Pili palepale, au mwenye kikao kimoja anayetaka kulala kwake. Wengine wote, kateni treni mapema, na kitambulisho msikisahau nyumbani.